Ruta ya Wi-Fi 6: inapunguza foleni, kasi ni hadithi nyingine

Ukiinunua kwa sababu ya namba kubwa iliyochapwa kwenye boksi, utajuta. Simu moja iliyo karibu na ruta haitaona tofauti ya maana na Wi-Fi 5 nzuri, kizazi kilichotangulia. Uzuri wake huonekana vifaa vikijaa: simu, runinga, kamera, kompyuta, vyote vikigombea hewa ileile.

Kwa mtindo wa zamani kila kifaa husikiliza kwanza. Hewa ikiwa kimya, hungoja kidogo kwa muda wa kubahatisha, kisha hurusha kikiwa kimeshika chaneli nzima, yaani njia yote ya mawimbi ambayo ruta inatumia. Viwili vikirusha pamoja, pakiti (vifurushi vya data) zinagongana na kazi inaanza upya. OFDMA, mbinu ya Wi-Fi 6 ya kugawana hewa, huikatakata chaneli: yenye upana wa 20 MHz hutoa hadi vipande 9, ya 80 MHz hadi 37, na ruta ndiyo inayopanga nani apewe kipi. Ujumbe mfupi unapita ubavuni mwa video.

Ila kifaa chenyewe lazima kiwe cha Wi-Fi 6. Vya zamani vitaunganishwa, lakini vitaendelea kupokezana kama kawaida yao, na kimoja cha polepole huvichelewesha vyote. Piga hesabu: pakiti ya baiti 1500 kwa megabiti 1 kwa sekunde hula milisekunde 12 za hewa, kwa megabiti 100, milisekunde 0.12 tu. Kama mipangilio inaruhusu, zima 802.11b, toleo la zamani la Wi-Fi lenye kasi ndogo kama hizo.

Hakikisha pia OFDMA imewashwa, kupakua na kupakia. Baadhi ya ruta huja nayo imezimwa. Kwenye masafa ya 2.4 GHz weka upana wa 20 MHz, chaneli 1, 6 au 11. Kujificha kwenye 3 ili kumkwepa jirani ni kosa: mkiwa chaneli moja ruta zenu husikilizana na kupeana zamu, ila ukiwa kwenye 3, yeye kwenye 1, kila mmoja ni kelele kwa mwenzake. Printa ya zamani ikishindwa kuunganishwa, huenda tatizo ni WPA3, ulinzi mpya wa mtandao wa Wi-Fi. Weka WPA2, ulinzi uliotangulia, na WPA3 kwa pamoja.

Kama huna hata vifaa vitatu vya Wi-Fi 6, iache dukani. Vuta kebo hadi kwenye runinga: itatoka hewani kabisa, na zamu zake zitabaki kwa wengine.