IGV kwa kazi ya kansa hospitalini: nzuri sana, ila badilisha mipangilio kwanza

Kama unaongoza timu ya bioinfomatiki hospitalini upande wa jenomu za kansa, IGV (Integrative Genomics Viewer, programu ya kutazama DNA iliyosomwa) lazima iwepo mezani, maana bado kuna watu wanatoa ripoti kwa kutegemea faili la VCF (orodha tu ya mabadiliko ya DNA yaliyopatikana) peke yake na mimi hilo silikubali kabisa. Mgonjwa anaenda kuanzishiwa dawa kwa sababu ya herufi moja iliyobadilika kwenye jeni ya EGFR, halafu hakuna mtu aliyeitazama hiyo herufi kwa macho yake?

Programu ni ya bure, ilitengenezwa Broad Institute, makala yake ya kisayansi ilitoka 2011, na ukiiweka kwenye kompyuta yako faili za mgonjwa hazina haja ya kutoka nje ya hospitali. Unafungua BAM (faili la vipande vya DNA vilivyosomwa) ya uvimbe juu, ya damu ya mgonjwa huyohuyo chini, unaona vipande vya DNA kimoja kimoja. Paiplaini (mlolongo wa programu zinazochambua DNA) imesema kuna mutesheni, yaani badiliko la DNA, kwenye jeni ya TP53, sawa, lakini je inaonekana kwenye vipande vya uelekeo wote au wa upande mmoja tu? Imejazana mwishoni mwa vipande? Ikiwa hivyo, au ikiwa upande mmoja tu, huenda ni kosa la usomaji. Na sampuli ikiwa imekaa kwenye fomalini (dawa ya kuhifadhia sampuli, inayoweza kuharibu DNA) ukaona C zimegeuka T hapa na pale kwa asilimia ndogo ndogo, anza kuishuku fomalini kabla hujaandika mutesheni. Hapa IGV naipa maksi zote.

Sasa mipangilio inayokuja nayo, aisee, haifai kwa kansa. Safu ya juu, inayoonyesha idadi ya vipande kila sehemu, inapaka rangi pale tu herufi tofauti inapofika 20% ya vipande, wakati mutesheni ya 5% ni kitu cha kawaida uvimbe ukiwa umechanganyika na seli zisizo na kansa, kwa hiyo safu inabaki kijivu na mgeni anasema hamna kitu. Hiyo 20% ishushe hadi kiwango ambacho maabara yenu imekithibitisha. Halafu inapunguza vipande inavyokuonyesha, 100 kwa kila dirisha la bezi (herufi za DNA) 50, na paneli za kansa (vipimo vya jeni kadhaa teule) zinasomwa mara 500 mpaka 1000 na zaidi, hiyo nayo pandisha au izime.

Jenomu rejea, yaani DNA ya mfano ambayo ya mgonjwa inalinganishwa nayo, nayo iangalie kila mara, maana ina matoleo kama hg19 na hg38. Mutesheni ya V600E ya jeni ya BRAF kwenye hg19 iko 140453136 na kwenye hg38 iko 140753336, ukiingiza namba ya huku kule unaangukia sehemu nyingine kabisa na programu haikuambii lolote.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba haitunzi kumbukumbu ya nani aliangalia nini na akaamua nini, na hospitalini hilo ni la lazima. Ila inakubali skripti, so paiplaini yenu iandike skripti ya kupiga picha kila mutesheni inayoenda kwenye ripoti, picha ziingie kwenye rekodi ya kesi, na bingwa wa patholojia azione kabla hajasaini.