Uzoefu wangu: Daraja la Kigongo–Busisi, kwa gari na kwa miguu

Kwa kazi ya kuvusha watu na mizigo nalipatia daraja hili nyota tano. Kwa matembezi nalipatia tatu, na zile mbili zimeliwa na jua.

Jina rasmi ni Daraja la J.P. Magufuli, ila ukipanda gari stendi ya Nyegezi, jijini Mwanza, mtajie konda upande unaoshukia. Kigongo iko Misungwi, Busisi iko Sengerema, na kati yake kuna kilomita 3 za maji ya Ghuba ya Mwanza, Ziwa Victoria. Ukisema "darajani" tu, usishangae kushushwa ng'ambo.

Kwa gari, ukishika 50 kwa saa, ni dakika nne hivi umevuka. Enzi za kivuko maji yenyewe hayakuwa tatizo sana; foleni ndiyo iliyokula siku. Ukiachwa na kimoja, unakaa hadi kirudi, na malori yako mbele yako. Tangu Rais Samia alifungue daraja Juni 19, 2025, aliyepumua hasa ni mwenye mgonjwa wa rufaa wa kwenda hospitali ya Bugando, Mwanza, na mwenye sangara ambaye barafu yake ilikuwa inayeyukia kwenye foleni.

Upana ni mita 28.45: njia mbili kwenda, mbili kurudi, na kando kuna sehemu ya waenda kwa miguu. Tumia hiyo. Kuegesha gari juu ya daraja ili upige picha ni kutafuta ajali, maana wa nyuma yako haji akitegemea kukuta gari limesimama.

Kwenda tu kwa miguu ni dakika 40 au zaidi. Kivuli hakuna, na zege linarudisha joto usoni. Anza saa moja asubuhi, beba maji lita moja na kofia yenye kamba, kwa sababu upepo wa ziwa ukianza kofia ya kawaida inaenda kwa samaki. Upepo huohuo unapiga ubavuni, kwa hiyo bodaboda aliyefunga godoro au magunia mapana apunguze mwendo. Ukichoka, rudi na boda.

Picha nzuri iko katikati, kwenye minara mitatu yenye nyaya. Ni mifupi kuliko ya Daraja la Kigamboni, Dar, kwa sababu hapa nyaya zinasaidiana na zege la daraja kubeba uzito. Mtindo ni ule wa Daraja la Tanzanite, kulekule Dar. Asubuhi, ukitokea Kigongo, jua liko mgongoni na minara inawaka vizuri. Jioni ukielekea Busisi, dereva na mpiga picha wote wanakunja uso. Kwenye basi la kwenda Geita kaa upande wa dereva: ndiko ghuba inakofunguka kuelekea ziwa kuu.

Kama unatoka Mwanza na safari yako inaishia Kamanga, ng'ambo ya ghuba, achana na daraja, panda feri palepale mjini. Kuzunguka kwa barabara kupitia Usagara hadi darajani ni kuchoma mafuta bure.