Karatasi ya alaimenti niliyopewa haikuwa ya gari langu

Niseme mapema kwamba rimu ni nzuri. Matairi pia ni mazuri, na nikiulizwa kesho aina ya kununua nitataja hayohayo. Bidhaa sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na duka lililonifungia, hapa Kisumu, kwenye barabara ambayo kila mwenye gari mjini ameipita. Na katika duka hilo, kinachonikereketa zaidi ni karatasi moja ya printa.

Gari langu ni Toyota Fielder. Napeleka sare za shule Siaya, Busia na Kakamega, na mara nyingine hadi Nakuru, nikiwa nimejaza mizigo hadi dirisha la nyuma halionekani. Kwa hiyo tairi kwangu si urembo. Rimu za zamani zilikuwa zimepinda kwa mashimo, unajaza upepo asubuhi, jioni umepungua. Nikachukua mkopo wa chama nikaenda kununua seti nzima, rimu za inchi 16 badala ya 15.

Yule kijana wa mauzo alijua kazi yake, na hilo sitalificha. Alinieleza kwa nini nitoke kwenye tairi la saizi ya 195/65 ya inchi 15 niende 205/55 ya inchi 16: kipenyo cha nje kinabaki karibu kilekile, tofauti haifiki hata milimita tatu, hivyo spidomita haidanganyi na tairi halisugui madigadi. Alinionyesha zile tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni mwa tairi, mbili za juma na mbili za mwaka, nikaona kwa macho yangu kwamba matairi hayakuwa yamelala stoo miaka. Alikataa kuniuzia rimu moja niliyoipenda kwa sababu ingetokeza nje na kuzilemea bearingi. Muuzaji anayekataa pesa kwa sababu kitu hakikufai ni nadra. Ningeishia hapo, ningempa kila sifa.

Lakini kulikuwa na alaimenti, ile kazi ya kunyoosha magurudumu yatazame yanakopaswa.

Muda mfupi kabla ya hapo fundi wangu wa Kibuye alikuwa amenibadilishia tai rodi endi zote mbili, vile viungo vya usukani vinavyogeuza magurudumu ya mbele. Ukishazigusa hizo, magurudumu ya mbele hayatazami tena yalikokuwa yakitazama, ni lazima yanyooshwe. Nililisema hilo kwenye kaunta, waziwazi, mbele ya watu. Wakaniambia nisijali, wana mashine ya kompyuta, shilingi 2,500. Nikalipa kwa M-Pesa kabla gari halijapanda rampu. Nikaelekezwa chumba cha kusubiria chenye televisheni na chai. Rampu iko nyuma ya ukuta, na mteja haruhusiwi kufika huko, eti ni kwa usalama wake.

Chai sikuimaliza. “Madam, tayari.” Nikapewa ufunguo na karatasi: safu moja ya nambari nyekundu, yaani zilizo nje ya kipimo, imeandikwa “kabla”, safu nyingine ya kijani, yaani zilizo sawa, imeandikwa “baada”, magurudumu ya mbele juu, ya nyuma chini. Niliipokea kama mtu anavyopokea majibu ya maabara akiambiwa hana ugonjwa. Nikaondoka nimeridhika kabisa.

Tatizo la kwanza lilikuwa mtetemo. Ukishatoka Nyamasaria kuelekea Ahero barabara inafunguka, na hapo nikipita kilomita 80 kwa saa usukani unatikisika mkononi. Nikarudi. Wakasema ni barabara. Nikarudi tena, ndipo yule kijana wa mauzo akaja mwenyewe, akafungua gurudumu, akakuta kwamba tundu la katikati la rimu ni kubwa kuliko habu ya gari, kile kitovu ambacho rimu hukaa juu yake, na hakuna pete iliyowekwa kuziba nafasi hiyo. Rimu nyingi zisizo za kiwandani hutengenezwa na tundu kubwa ili ziingie magari mengi, halafu unaweka pete ya plastiki au ya alumini ili rimu ikae katikati sawasawa. Bila pete, rimu inashikiliwa na nati peke yake, na ikikaa pembeni kidogo tu, hata ubalansi namna gani itatikisika. Akaziweka pete, akabana nati kwa mkono kwa spana ya kupimia badala ya ile bunduki ya upepo, mtetemo ukaisha. Hakunitoza. Nilisamehe.

Miezi ikapita. Nikapata pancha Luanda, kwenye barabara ya Busia. Fundi wa pale, kijana mdogo mwenye kompresa na jeki chini ya mwembe, alivua gurudumu la mbele, akalitazama, akalisukuma hadi niliposimama.

“Mama, hili tairi ulinunua lini?”

Nikamwambia ni la mwaka huuhuu. Akaligeuza. Upande wa nje lilikuwa jipya, meno yote yamesimama. Upande wa ndani, ule unaotazama injini, lilikuwa kipara, na mahali pamoja nyaya zilikuwa zimeanza kuchungulia. Nilishika kiuno. Akaenda gurudumu la pili, akakata usukani hadi mwisho ili tuone ndani: vilevile. Hapo ndipo nilipojua kwamba nimekuwa nikilitazama gari langu kila asubuhi na sioni kitu, maana gari likiwa limesimama wima, upande wa ndani wa tairi la mbele umejificha. Kateni usukani hadi mwisho kabla ya safari, mwone. Mimi nilikuwa napanda Kericho na mzigo nikiwa na tairi la namna hiyo, kwenye mvua.

Yule fundi alinishika mkono akanipitishia kiganja juu ya tairi. Ukielekea upande mmoja ni laini, ukirudi unakwaruzwa. Akanieleza bila haraka. Upepo ukiwa mdogo, tairi linaisha mabegani kote kuwili. Ukizidi, linaisha katikati. Shoki zikifa, linaisha mabaka mabaka. Likiisha upande wa ndani tu huku lina ukali wa namna hii, basi magurudumu yanatazamana vibaya, sehemu za mbele zimeachana, kila moja linataka kwenda njia yake, na tairi linaburutwa upande huku linaviringika. “Hii ni alaimenti, Mama.”

Nikamjibu kwa hasira, na hakustahili, kwamba alaimenti ilifanywa na karatasi ninayo. Akaomba kuiona. Nikaitoa.

Aliitazama kwa muda. Kisha akauliza kama karatasi ile ni ya gari hili. Akaweka kidole kwenye nambari za magurudumu ya nyuma: kabla, nyekundu, baada, kijani. Akaniambia niiname nitazame chini ya gari nyuma. Fielder hii ya kuvutwa na magurudumu ya mbele ina boriti moja nzima inayounganisha magurudumu mawili ya nyuma. Hakuna nati ya kulegeza wala boliti ya kuzungusha ili pembe ibadilike. Ikienda kombo, ujue boriti imepinda au stabu, chuma kinachobeba gurudumu, imepinda, na hiyo ni kazi ya kubadilisha chuma, si ya kunywea chai. “Sasa hawa walirekebisha nini huku nyuma?”

Nikatazama juu ya karatasi, mahali pa kuandika aina ya gari na nambari ya usajili. Patupu.

Nilirudi dukani kesho yake. Meneja alikuwa kaunta, macho kwenye simu. Nikaweka karatasi mbele yake, nikamwonyesha picha za matairi. Hakuinua uso. “Madam, barabara za huku ni mbaya.” Nikamuuliza barabara gani ina mashimo upande wa ndani tu wa matairi yote mawili. Hapo akainua uso, akanitazama, akatazama wanaume waliokuwa wameketi kusubiri, akasema kwa sauti ya kusikika: “Haya ni mambo ya kiufundi. Mwambie mzee aje tuongee naye.”

Mmoja wa wale waliokaa akacheka.

Gari ni langu. Jina kwenye logibuku ni langu. Mkopo wa chama nalipa mimi kila mwezi. Mume wangu hana hata leseni ya kuendesha, na yeye mwenyewe akisikia gari limelia vibaya huniita mimi. Na hata kama ningekuwa sijui tairi ni nini, pesa zilizolipwa kwa till yao zilitoka kwenye simu yangu, na haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa imeandikwa katika Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 bila kuuliza mteja ana mzee au hana.

Nikamwomba jambo moja: tuende rampu, anionyeshe ni nati gani walilegeza nyuma ya Fielder hadi nyekundu ikawa kijani. Akasema kompyuta inafanya yenyewe. Sentensi hiyo ilinimaliza. Kompyuta haifanyi chochote! Inasoma tu. Inakuambia gurudumu linatazama wapi, halafu mtu mwenye mikono anaingia chini na spana, anafungua nati ya tai rodi, anazungusha, anatazama skrini, anafunga. Meneja wa duka la magurudumu ama halijui hilo, ama analijua na ameamua kwamba mimi siwezi kulijua. La pili ndilo baya zaidi, na ndilo ninaloamini.

Nilipotoka, dada wa mapokezi alinifuata hadi mlangoni akaniomba radhi kwa sauti ya chini. Namtaja kwa sababu haikuwa kazi yake kuomba radhi.

Baadaye nilikuwa na mzigo wa Nakuru, nikatafuta alaimenti huko, eneo la viwandani. Rampu iko wazi, nikaruhusiwa kusimama kando ya fundi. Alipima upepo kwanza matairi yote manne, akatikisa magurudumu kusikiliza kama kuna kitu kimelegea, akafunga usukani katikati, ndipo akawasha mashine. Mbele: nyekundu kushoto, nyekundu kulia, na si kidogo. Nyuma: kijani pande zote mbili, kabla hajagusa chochote. “Hii nyuma iko sawa, na hata isingekuwa sawa hapa hakuna pa kurekebisha,” akasema, bila mimi kumuuliza.

Kwa hiyo zile nambari nyekundu za nyuma hazikuwahi kuwa za gari langu. Waliniletea karatasi ya gari la mtu mwingine. Huenda mwenye gari hilo naye hakupewa yake, siwezi kujua. Lakini langu halikuguswa spana, ndiyo maana chai sikuimaliza.

Nilipoanza kuandika haya nilikuwa nimeamua kutoa nyota tatu kati ya tano, kwa ajili ya rimu, matairi, na yule kijana aliyeweka pete. Kadiri ninavyoandika naona siwezi. Matairi mazuri ndiyo yanayoniuma zaidi: laiti yangekuwa mabovu ningesema yameisha kwa ubovu wake. Haya yangenipeleka mbali, ningeyabadilishana mbele na nyuma kila kilomita elfu kumi kama nilivyoshauriwa. Mawili yameuawa na uongo wa dakika chache. Nyota moja.

Wameniandikia. Wananipa alaimenti ya bure. Kwa mashine ileile, nyuma ya ukuta uleule, kwa watu walewale! Nimekataa. Nimewaambia ninachotaka: matairi mawili ya mbele, aina ileile, na shilingi zangu 2,500. Wasipotoa, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai hadi shilingi milioni moja na huhitaji wakili kwenda, na karatasi yao ndiyo shahidi wangu wa kwanza.

Kama unataka rimu, sikukatazi kwenda pale. Muulize yule kijana wa mauzo, mwambie akuonyeshe ile namba ya DOT, hakikisha pete zimewekwa, nati zibanwe kwa mkono. Halafu toa gari lako nje ya uwanja wao, upeleke alaimenti mahali ambapo utaruhusiwa kusimama uone nambari zikisogea.