TAHADHARI: Muuza mashine za CNC wa Kariakoo kanipiga laki saba

Wakuu, naandika kwa aibu. Fundi mzima, nimepigwa kama mtu aliyeshuka basi Mbezi asubuhi hii.

Mimi natengeneza bodi za saketi za chaja mwenyewe, wengine mnazijua. Nilichoka kuchovya bodi kwenye dawa ya kula shaba, nikaamua nitafute CNC, mashine ya kuchonga na kutoboa inayoongozwa na kompyuta, hizi ndogo za 3018, meza sentimita 30 kwa 18.

Na sikununua kwa picha! Nilienda dukani kwa miguu yangu. Jamaa mpole, "karibu kaka, kaa", akaagiza soda. Akaniuliza jina, akaliandika kwenye kompyuta, akawasha mashine. Mbele ya macho yangu ikachonga jina langu kwenye kipande cha MDF, ubao wa unga wa mbao, na ua pembeni. Akapuliza vumbi, akanikabidhi: "Zawadi yako, fundi." Hapo ungekuwa wewe usingeamini? Nikalipa kwa simu palepale, nikabeba boksi. Nilipewa kibao, kumbe ndo nimekula kibao.

Nyumbani nikafunga bodi ya shaba, biti ya kutobolea ya milimita 0.8. Tundu la kwanza, biti ikakatika. La pili, ikakatika. Nikazungusha spindo, ile sehemu inayoshika na kuzungusha biti, kwa mkono: ncha inayumba kama mlevi anayetafuta mlango. Matundu yaliyotoboka nimeyapima, 1.2! Njia za shaba zinazopita katikati ya miguu ya IC (chipu) zimefutika zote. Meza nayo imelala upande. Kona moja ya bodi imechimbwa hadi kwenye faiba chini ya shaba, nyingine haina hata mkwaruzo. Meza ningevumilia, programu inapima na kusawazisha. Spindo inayoyumba utainyoosha na programu gani?

Nikapiga simu. "Fundi, hujui kuitumia." Mimi! Kesho yake kanibloku.

Huyu akamatwe, duka lipigwe kufuli, alale ndani wiki nzima mbu wa mahabusu wamnyonye kama alivyoninyonya. Mwenye ndugu polisi aje inbox.

Ah, na dalili zilikuwepo. Nilimwomba atoboe shaba, akasema biti zimeisha. Kwenye mbao mchongo ukipanuka karibu nusu milimita nani ataona? Boksi lina selotepu mpya juu ya ile ya zamani, risiti hakuna, na mashine aliyonionyesha ilikuwa alumini tupu, yangu imejaa plastiki.

Kwa simu ya mke wangu bado anapokea. Jana kamwambia, "Karibu dada, mzigo mpya umeingia."