Begi langu la fundi kompyuta hapa Tanga: vya kununua na vya kuacha dukani

Nianze na zile seti za bisibisi za vipande mia na ushee ndani ya boksi moja, maana ndo kitu cha kwanza kijana akitaka kuwa fundi kompyuta anakimbilia, na ukizunguka Ngamiani utazikuta zimepangwa mezani zinameremeta mpaka unatamani mbili. Acha. Kwa laptopu zinazokuja mezani kila siku, HP, Dell, Lenovo, vichwa utakavyovigusa ni vichache mno: nyota ya kawaida namba 0 na 1, kale kadogo 00, na Torx (nyota ya ncha sita) T5 au T8 kwa baadhi ya HP, basi. MacBook nyingi zina skrubu yao ya pembe tano, P5, hiyo nunua peke yake. Vilivyobaki vitakaa kwenye boksi vinakula kutu, na Tanga kutu haikawii. Halafu vile vya bei ya chini chuma chake laini, ukikaza kidogo kichwa kinazunguka kinaisaga skrubu, sasa unabaki na laptopu ya mtu haifunguki haifungiki. Bora bisibisi nne nzuri zenye sumaku kuliko boksi zima la mapambo. Kufungulia kava sinunui kitu kabisa, ile kadi ya laini ya simu iliyobanduliwa inatosha, ni plastiki, haichubui.

Kitu ambacho fundi wengi wa hapa wanakidharau ni mita. Ile ya njano, DT830, inauzwa kila duka la vifaa vya umeme na kwa kazi ya laptopu inatosha, ila usiende nayo kwenye umeme wa ukutani, nyaya zake nyembamba na siiamini. Kazi yake ya kwanza ni chaja. Chaja nyingi za laptopu zinatakiwa zitoe volti 19 au 19.5, ukipima ukakuta 12 au inapanda inashuka umeshamaliza nusu ya kazi bila kufungua skrubu hata moja. Betri ndogo ya duara ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi (ule ubao mkuu wa kompyuta) nayo ni volti 3, ikishuka sana ndo ile kompyuta inayorudi mwaka wa zamani kila ikizimwa, na mteja anakwambia intaneti imegoma kumbe tarehe tu imeharibika, kurasa zote zinakataa kufunguka.

Ila sikia hii ya Dell. Chaja ya Dell ina sindano katikati, ile sindano haipitishi umeme wa kuendesha mashine, kazi yake ni kuiambia laptopu mimi ni chaja ya Dell ya wati kadhaa. Kawaya ka ile sindano kakikatika, mita itakusomea 19.5 safi kabisa na laptopu itawaka, lakini betri haichaji na mashine yenyewe inakuwa nzito maana inajipunguza kasi. Sasa fundi asiyejua hapo anauza betri. Mteja anatoa hela, betri mpya inafungwa, haichaji vilevile, anauziwa mazabodi. Wakati kwenye BIOS ya Dell, ile menyu ya mashine yenyewe kabla Windows haijawaka, imeandikwa wazi kabisa chaja imetambulika au haijatambulika, unaingia unasoma. Kwa hiyo mita ni muhimu lakini isome pamoja na BIOS, usiishie kwenye namba.

Upande wa programu, kama una hela ya kitu kimoja tu nunua flashi nzuri ya GB 64 uweke Ventoy. Ni programu ya bure, ilitoka 2020, na ilituokoa na ule utumwa wa flashi moja Windows moja. Unaiweka mara moja, baada ya hapo unadondosha tu mafaili ya ISO (diski nzima ya kuinstolia iliyofungwa kwenye faili moja) kama unavyokopi nyimbo, ukibuti, yaani ukiwasha mashine kupitia flashi, inakuletea orodha unachagua. Yangu ina Windows 10, Windows 11, Linux Mint (mbadala wa bure wa Windows), Hiren's BootCD PE (Windows ya dharura), MemTest86+ (ya kupima RAM) na Clonezilla (ya kunakili diski nzima). Kuna mashine zenye Secure Boot, ule ulinzi unaozuia kubuti kisichosajiliwa, zitakuletea skrini ya bluu mara ya kwanza, usiogope, inataka uisajili tu kisha mnaendelea. Hiren's wengi bado wanatembea na ile ya zamani 15.2 ya 2012 ya kwenye sidii, hiyo iachie makumbusho, ya sasa hivi inabuti Windows kabisa kutoka kwenye flashi na unakopi vitu vya mteja kabla hujagusa chochote, ila mashine iwe na RAM ya GB 2 kwenda juu.

Lakini hiyo flashi yenyewe sasa. Ukiona flashi ya TB 2 inauzwa kwa bei ya sahani ya pilau ujue unauziwa GB 8 iliyodanganywa namba. Inaonyesha TB 2 ukichomeka, inapokea mafaili, halafu baada ya kujaa ile nafasi yake ya kweli inaanza kuandika juu ya vya zamani au vya kuanzia hapo vinakuwa takataka, na hutojua mpaka siku unavihitaji. Dawa yake ni H2testw, kaprogramu kadogo ka Kijerumani kasichohitaji hata kuinstoliwa, kanajaza flashi nzima kisha kanasoma tena kulinganisha, mwisho kanakwambia kwa kweli una GB ngapi. Kwenye Linux kuna F3 inafanya kazi hiyohiyo. Kanachukua muda, flashi kubwa unaweza kuiacha usiku kucha, lakini mimi hakuna flashi wala memori kadi inayoingia kwenye begi langu bila kupita hapo, iwe ya Kariakoo au ya barabara ya kumi na mbili.

Rufus nayo, programu ya kutengeneza flashi za Windows, ninayo pembeni kwa kazi moja. Windows 10 msaada wake uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, na laptopu nyingi za hapa mjini ni zile used za kutoka Ulaya, Intel ya kizazi cha nne, cha tano, cha sita, ambazo Windows 11 rasmi haizitaki, yenyewe inataka kizazi cha nane na TPM 2.0, chipu ya usalama. Rufus inakupa kisanduku cha kuondoa hayo masharti wakati unatengeneza flashi. Inafanya kazi vizuri tu, ila mwambie mwenye mashine kwamba Microsoft hawajaahidi kumletea apdeti, asije akaona umemficha. Na zile Core 2 Duo usijisumbue, kuanzia toleo la 24H2 Windows 11 inataka maagizo ya prosesa ambayo zile hazina kabisa, haitobuti hata uifanyeje, pigia Linux Mint mtoto afanyie homuweki.

Kuhusu Windows za kuaktiveti kwa programu za kienyeji, mnazijua, zile za kwanza zinakwambia zima antivairasi. Sasa jiulize kwa nini. Na laptopu nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 10 kuja juu zina namba yake ya kuaktiveti ndani ya BIOS tayari, ukipiga Windows ya toleo lilelile, Home kwa Home, Pro kwa Pro, ikipata intaneti inajiaktiveti yenyewe. Fundi anamtoza mtu hela ya aktivesheni kwa kitu alichonunua nacho toka siku ya kwanza, hiyo mi naona ni kumuibia tu.

Kama ningeambiwa nibaki na programu moja ya kupima, nitachukua CrystalDiskInfo. Ya bure, inafunguka chini ya dakika, inakwambia diski ni nzima au inakufa. Usisome ile rangi ya juu tu, angalia mistari mitatu, 05, C5 na C6. 05 ni sehemu zilizoharibika zikahamishwa, C5 ni zinazosubiri kuhukumiwa, C6 ni zilizoshindikana. C5 ikiwa na namba na kesho imepanda, hiyo diski inaaga. Na hapa ndo penye kosa naliona kila siku, fundi anaona mashine nzito anapiga chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, kwenye diski inayokufa, ile amri inaikamua diski nzima kila kona, ilikuwa na uhai wa kukopi mafaili sasa unaumaliza. Kopi kwanza. Diski ikiwa mbaya sana tumia ddrescue kwenye Linux, inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, zile ngumu inazirudia baadae.

Alikuja mama mmoja mwenye sterioshenari huku Makorora, kompyuta yake ya hesabu inachukua robo saa kuwaka. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikaichomekea flashi nikamuonyesha ile rangi ya njano ya onyo kwenye CrystalDiskInfo. Akaniuliza, "Sasa si ufomati tu baba, wenzio wote wanafomati?" Nikamwambia, "Mama, tukifomati itakuwa nyepesi wiki moja, halafu itakufa na madeni yako yote ya wateja ndani." Tukahamishia kwenye SSD, diski isiyo na kinachozunguka ndani, kwa Clonezilla, Windows yake ileile, kila kitu mahali pake. Sina nguvu ya kubishana na mteja siku hizi, namgeuzia skrini asome mwenyewe, ndo maana naipenda hii programu kuliko zote.

Kufanya hiyo kazi unahitaji waya wa SATA kwenda USB, wa kuchomekea diski ikiwa nje ya kompyuta. Diski ndogo ya laptopu inakula umeme wa USB wenyewe, lakini diski kubwa ya inchi 3.5 inataka volti 12, kwa hiyo chukua waya wenye adapta yake ya ukutani, usichukue ule mtupu ukaja kununua mara mbili. Zile SSD za M.2, nyembamba kama kijiubao, zinataka kiboksi kingine, na angalia kabla hujalipa, M.2 ya SATA mara nyingi ina mapengo mawili, ya NVMe, ile ya kasi zaidi, ina moja, na viboksi vyake havifanani ndani hata kama nje ni pacha.

Kurudisha vilivyofutwa, TestDisk na PhotoRec, zote bure zote zinakuja pamoja. PhotoRec ina sura mbaya, haina picha wala vitufe vizuri, na inakurudishia mafaili bila majina yake, utakaa unachambua, ila inapata. Usihifadhi vinavyopatikana kwenye diski ileile. Na kwenye SSD usimuahidi mtu, mashine ikishatuma ile amri ya TRIM, ya kuiambia SSD isafishe nafasi ya vilivyofutwa, vimekwenda.

Vairasi wa shotikati wa kwenye flashi bado yupo, sterioshenari za mjini ndo kiota chake, mwanafunzi anaprinti kazi anarudi na flashi imejaa shotikati. Vitu havijapotea, vimefichwa tu, andika attrib -h -r -s /s /d ukimalizia na herufi ya flashi, kama E:\*.*, vinarudi. Kisha safisha kompyuta yenyewe, fungua Autoruns ya Microsoft uone kinachojiwasha, la sivyo kesho yupo hapo tena.

Draiva, zile programu za kuendeshea vifaa vya ndani ya mashine: Snappy Driver Installer Origin. Pakiti nzima ni makumi ya GB, itafute penye waifai ya ukweli usimalize bando lako, au chukua pakiti za netiweki tu, laptopu ikishapata intaneti nyingine Windows inajitafutia. Zile programu za kuapdeti draiva zinazojitangaza zikikuonyesha matatizo mia, hapana. Kwa wanaonunua laptopu used, kuna amri ya Windows powercfg /batteryreport, inakuandikia betri ilikuwa na uwezo gani na sasa imebaki na ngapi, muuzaji hana la kusema. Na kabla hujagusa BIOS ya Windows 11 ya mtu, angalia kama BitLocker, kufuli ya Windows ya diski, imewashwa, muulize kama ana zile tarakimu 48 za kuifungulia, maana ikimfungia hakuna ujanja.

Tuje kwenye uchafu, maana hapa pwani ni habari nyingine. Laptopu za Raskazone na Sahare nazijua kabla hazijaniambia, hewa ya chumvi, ukifungua unakuta ukijani kwenye pini. Kompyuta inawasha feni, skrini nyeusi, mara nyingi ni RAM tu, itoe, sugua zile pini za dhahabu kwa ufutio laini wa penseli, pangusa, rudisha. Kwa kusafishia tafuta isopropili ya asilimia 99. Ile spiriti ya duka la dawa ya 70 iliyobaki ni maji, na maji kwenye mazabodi ndo kilichokuleta hapo. Blowa ni nzuri lakini shikilia feni kwa kidole isizunguke ovyo, inaharibika. Pesti ya prosesa nunua yenye jina, zile za bomba nyeupe zisizo na jina zinakauka zinakuwa kama chaki na mteja anarudi joto lilelile.

Vingi vya hivi Tanga vipo, nisivyopata naagiza Kariakoo mzigo unapanda basi naupokea stendi ya Kange, ila mwambie muuzaji akupigie picha ya kitu chenyewe kabla ya kulipa, sio picha ya mtandaoni.

Mashine ya hewa ya moto ya kubadilishia chipu sijanunua na sina haraka. Bila kujua kusoma ramani ya mazabodi itakuchomea tu vya watu, na mazabodi hazinijii nyingi kiasi cha kurudisha hela yake. Zikija nampelekea jamaa wa Chumbageni anayeifanya kila siku, tunagawana, na mteja namwambia kabisa imeenda kwa nani.