Kabla ya kununua kamera, chunguza maunti yake

Lenzi yangu ya kwanza ya maana ilikufa ikiwa haina hata mkwaruzo. Mota ya fokasi iliungua, na fundi akanirudishia akieleza kwamba mtengenezaji alikwisha acha kutoa vipuri vyake. Kwa kuwa pete ya fokasi ya lenzi hiyo nayo iliendeshwa kwa umeme, sikuweza hata kuizungusha kwa mkono ili nipate picha iliyo wazi. Tangu hapo chapa ya kamera siipimi kwa wingi wa pikseli, bali kwa namna ilivyowatendea wenye lenzi za zamani kila ilipobadilisha maunti, yaani ile pete ya chuma mbele ya kamera ambamo lenzi hufungwa.

Kwa kipimo hicho, Canon imewahi kuumiza na imewahi kutenda haki. Mwaka 1987 ilianzisha maunti ya EF na kuwaacha nje wenye lenzi za FD, maunti yake ya awali, kwani lenzi hizo zilitengenezwa zikae milimita 42 kutoka kwenye filamu ilhali kamera mpya ziliziweka umbali wa milimita 44, na adapta (kipande kinachounganisha lenzi na kamera ya maunti nyingine) ya kuzifikisha kwenye fokasi ya mbali kabisa ililazimika kuongezewa vioo. Maunti ya RF ilipoingia mwaka 2018, umbali ukiwa milimita 20 tu, pengo lililobaki liliweza kujazwa na adapta tupu isiyo na kioo chochote, na lenzi za EF zikaendelea kufokasi zenyewe. Wenye EF-M, maunti nyingine ya Canon iliyoanza mwaka 2012, hawakupata bahati hiyo: lenzi zao zinataka milimita 18, hivyo haziwezi kusogea karibu vya kutosha na sensa ya kamera za RF.

Nikon husifiwa kwa kushikilia maunti ya F tangu 1959, na sifa hiyo ni ya haki, ingawa mnunuzi asiichukue bila tahadhari, kwa sababu lenzi nyingi za kabla ya mwaka 1977 ambazo hazikufanyiwa marekebisho zinaweza kuharibu kamera za F zilizotoka baadaye. Jambo linalonikera zaidi ni adapta ya FTZ, inayofunga lenzi za F kwenye kamera za Nikon za maunti mpya ya Z. Lenzi za AF-S, zenye mota ndani yake, hufanya kazi vizuri kwenye kamera za Z, lakini zile za AF-D, ambazo zilitegemea mota ya kamera, hulazimika kufokasiwa kwa mkono kwa kuwa adapta hiyo haina mota. Sony, iliyorithi maunti ya A kutoka Konica Minolta mwaka 2006, iliweka mota ndani ya LA-EA5, adapta yake ya kufunga lenzi za A kwenye kamera zake za maunti ya E, mwaka 2020. Hufokasi lenzi zisizo na mota ndani yake kwenye baadhi tu ya kamera, lakini angalau jitihada ilifanywa.

Kwa anayeanza bila lenzi yoyote, ningempa uzito mkubwa zaidi yule mtengenezaji anayewaruhusu wengine kutengeneza lenzi za maunti yake. Sony ilitoa vipimo vya maunti ya E kwa watengenezaji wengine mwaka 2011, na ndiyo maana leo lenzi za Sigma na Tamron zimejaa humo. Maunti ya L hutumiwa kwa pamoja na Leica, Panasonic na Sigma tangu makubaliano yao ya mwaka 2018. Faida ya ushirika ilionekana kwenye Micro Four Thirds, maunti ya pamoja ya Olympus na Panasonic: Olympus ilipojitoa katika biashara ya kamera, OM Digital Solutions ilichukua nafasi yake mwaka 2021, na Panasonic nayo ilikuwa bado ipo. Maunti ya Nikon 1, iliyokuwa ya kampuni moja peke yake, ilianza 2011 na kufikia 2018 ilikuwa imekoma.

Kwa hiyo aliye na lenzi za EF ningemshauri abaki Canon, mwenye AF-S abaki Nikon, na asiye na kitu aanzie E au L. Mwenye kabati la AF-D asikimbilie kamera ya Z. Atafute kamera ya F yenye mota ndani, mathalani D750 au D850, kwa maana lenzi hizo zina pete ya fokasi inayogeuka kwa mkono na pete ya apacha (tundu la kupitishia mwanga), na mota ya kuzifokasi iko kwenye kamera.