TAHADHARI: Muuzaji wa "tangi lililokomaa" la matumbawe magumu

Wafugaji wenzangu wa samaki na matumbawe ya baharini, kuna muuzaji anapita kwenye makundi yetu akinadi kile anachokiita "tangi lililokomaa", yaani lenye bakteria wa kutosha kusafisha maji: mawe hai (mawe yenye bakteria na viumbe wa baharini), mchanga, chupa ya bakteria na maji ya chumvi yaliyokwisha kuchanganywa. Anaahidi kwamba ukijaza leo, kesho unaingiza matumbawe magumu, hata Acropora, jamii ya matawi iliyo ngumu kufuga. Jina lake silitaji. Hubadilisha akaunti kila anapobanwa, kwa hiyo jina la leo halitamsaidia mtu kesho. Mbinu zake ndizo hazibadiliki.

Mbinu kuu ni kipimo. Anakuja kwa mteja, anajaza tangi, anatoa kifaa cha kupimia amonia (sumu itokanayo na kinyesi cha samaki na vitu vinavyooza) na kudondosha matone, na jibu linasoma sifuri. Anapiga picha, mteja anamalizia malipo, wanaagana vizuri. Lakini maji mapya yasiyo na samaki, chakula wala kitu kinachooza yatapata wapi amonia? Hata ndoo ya maji ya chumvi uliyochanganya asubuhi itasoma sifuri. Sifuri ya namna hiyo haithibitishi kwamba kuna bakteria hata mmoja.

Tangi hupimwa kwa kulipatia kazi ya kufanya. Tia amonia mpaka ifike miligramu 2 kwa lita, ngoja saa 24, pima tena. Bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati; kwa hiyo amonia ikiwa sifuri, nitriti nayo sifuri, na nitrati imepanda, hapo kweli bakteria wapo na wanakula. Ukianza na mawe makavu, kufika hapo huchukua mara nyingi wiki 4 hadi 6. Bakteria wa chupa wanaweza kufupisha safari hiyo, sikatai, ila ni viumbe hai. Chupa niliyoiona kwake haikuwa na lebo wala tarehe, na ilikuwa imepikwa na jua kwenye buti la gari. Nilipomwomba afanye kipimo hicho mbele yangu, kwenye tangi alilomuuzia jamaa yangu, alikataa akidai amonia itaua bakteria. Jamani, amonia ndiyo chakula chao!

Nayo mawe yake "hai" ni makavu yaliyopakwa rangi ya zambarau. Mwani wa chokaa halisi, ule unaoyapa mawe hai rangi hiyo, humea kwa mabaka, na ukiukwangua kwa kisu unabanduka kama ukoko. Rangi yake yeye imeenea sawasawa mpaka ndani ya mashimo na upande wa chini kusikofika mwanga. Jiwe kavu si kosa, wengi tunaanza nalo. Kosa ni kuuziwa kwa bei ya jiwe hai, halafu ukaja kugundua miezi kadhaa baadaye kwamba linavujisha fosfati, kirutubisho kinachootesha mwani, kwa sababu hakuna aliyeliloweka na kulipima.

Hili linalofuata ndilo lililonifanya niandike. Mteja mmoja alilalamika kwamba jiwe lake limekuja na wadudu, akaambiwa alichemshe. MSICHEMSHE MAWE. Baadhi ya zoanthidi (viumbe laini wa jamaa ya matumbawe wanaoota juu ya mawe), hasa Palythoa, wana palitoksini, sumu kali mno, na mvuke wa jiwe lenye viumbe hao unaweza kulaza hospitalini kila aliyemo ndani ya nyumba. Kuwasugua kwa brashi au kuwamwagia maji ya moto nako ni hatari hiyo hiyo.

Ili mteja asishtuke mapema, muuzaji humwachia vipande viwili vitatu vya Acropora kama "zawadi". Baada ya siku chache nyama inaanza kumomonyoka kutoka chini ya tawi, unabaki mfupa mweupe. Ukimpigia anasema taa yako ni kali. Ukimtumia vipimo anasema hujui kupima. Kisha kimya.

Msichanganye pia tangi lililomaliza mzunguko wa nitrojeni (safari ya amonia mpaka nitrati) na tangi lililo tayari kwa Acropora. Matumbawe magumu hujenga mifupa kwa kalsiamu na kabonati wanazozitoa majini, kwa hiyo wanataka maji yasiyoyumba: chumvi gramu 35 kwa kilo, joto nyuzi 25 au 26 za Selsiasi, alkali dKH 8 hadi 9 (dKH ni kipimo cha kabonati majini), kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu miligramu 1250 hadi 1350 kwa lita. Alkali inayopanda na kushuka kila siku huwaumiza kuliko iliyo chini kidogo lakini imetulia. Muuzaji huyu hujisifu pia kwamba maji yake yana nitrati sifuri na fosfati sifuri, "safi kabisa". Kwa matumbawe hiyo ni njaa: hupauka, na dinoflajelata, vijidudu vya majini, hupata nafasi ya kutanda mchangani kama makamasi ya kahawia.

Kitu kingine: hana karatasi. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo yakivuka mpaka lazima yawe na kibali. Ukimuuliza kama vipande vyake vimekuzwa tangini au vimevunjwa mwambani, anabadilisha mazungumzo.

Kama mmeshanunua, msiongeze kiumbe chochote. Badilisheni sehemu ya maji kwa chumvi mpya iliyochanganywa na maji yaliyochujwa mpaka TDS (kipimo cha vitu vilivyoyeyuka majini) isome 0, kisha pimeni amonia na nitriti kila siku. Vipande vilivyo hai mpelekeeni mwenye tangi lililokomaa kweli, ila avitenge kwanza. Avichovye kwenye dawa, halafu akague chini ya matawi kwa kioo cha kukuzia. Mayai ya minyoo bapa inayokula Acropora hayafi kwa dawa ya kuchovya. Lazima yakwanguliwe, au sehemu hiyo ya mfupa ikatwe na kutupwa.